Serikali imebeba dawa ya magoti anayotumia mamangu, je aiwache leo leo?

"Salaam aleikum daktari. Mamangu ana miaka 63, yuaumwa na magoti miaka mingi na pia ana sukari na presha. Tangu mwezi wa pili atumia dawa ya mitishamba ya chupa, yauzwa hapa Mombasa, Mwembe Tayari na kule ferry Likoni, kifuniko kimoja asubuhi kimoja usiku. Wallahi siku ya tatu alipanda ngazi mwenyewe. Lebo yasema ni miti asilia haina kemikali, yatibu magonjwa zaidi ya 30, na ina nambari ya usajili, picha nimekutumia. Sasa wiki iliopita maafisa walikuja wakabeba maboksi yote pale dukani. Muuzaji asema ni makampuni makubwa ya dawa yaogopa kukosa biashara ndio yakaituma serikali. Mama amevimba uso na sukari haishuki tena hata akimeza dawa zake, lakini asema hawachi, na ndani bado ana chupa mbili. Jirani naye asema bora hio kuliko vidonge vya bei rahisi vya kutoka India ambavyo vyote ni feki. Je serikali yapiga vita mitishamba? Na mama aiwache leo leo?"

Waaleikum salaam dadangu. Nianze na swali lako la mwisho manake ndilo lisiloweza kungoja. Mama asiikate hio dawa ghafla, na pia asiendelee nayo kimya kimya kana kwamba hakuna lililotokea. Kesho asubuhi mpeleke hospitali, chupa zote mbili mkononi pamoja na dawa zake za sukari na presha, na mumwambie daktari wazi wazi kuwa ameinywa tangu mwezi wa pili. Mpaka afike huko asizidishe kipimo wala asikiruke. Lakini akianza kutapika, akawa dhaifu hata kusimama hawezi, akachanganyikiwa, akapata homa kali, kifua kikabana, au akaenda choo kikawa cheusi, hapo hamna kungoja kesho, ni emergency usiku huo huo, iwe Coast General au hospitali yoyote ilio karibu nanyi.

Sasa sababu. Naona kinachokusumbua ni kwamba mambo mawili yote ni kweli, umemuona mama akipanda ngazi kwa macho yako, na kwa macho hayo hayo waona uso wavimba na sukari imekataa kushuka. Muuzaji akushikilia hilo la kwanza, akwambia dawa yafanya kazi bas serikali ina wivu. Mimi nataka uyashike yote mawili pamoja, manake yawezekana kabisa yatoka kwenye kitu kimoja.

Ulipoandika siku ya tatu ndipo niliposimama. Pale kaunta ya dawa watu huniletea chupa kama hizi zimefungwa na gazeti, wengine waona haya hata kuzitoa, na mimi siulizi kwanza imetengenezwa na mti gani, nauliza ilishika baada ya muda gani. Goti lililosagika miaka kumi halitulizwi na mizizi kwa siku tatu. Dawa nyingi za miti zikisaidia husaidia polepole. Kitu kinachozima maumivu ya viungo haraka hivo, kikaleta hamu ya kula, kikaufanya uso uwe wa duara, kikapandisha sukari na presha, sisi twakijua vizuri sana na hakioti msituni. Ni steroidi, mara nyingi deksamethasoni. Sisemi imo ndani ya chupa ya mama, hilo la maabara, mimi siwezi kuliona kwa picha. Nasema dalili ulizozitaja zaenda pamoja kiasi kwamba daktari yeyote lazima aanzie hapo.

Steroidi yafanya kazi vipi? Mwili wenyewe hutengeneza homoni yaitwa kotisoli, kwenye tezi mbili ndogo zilizokaa juu ya figo, na ubongo ndio unaoagiza itengenezwe kiasi gani. Hio homoni ndio huzuia presha isianguke, huchunga sukari isiishe kwenye damu, na hukusaidia ukipata homa au ajali. Deksamethasoni ni ya jamii hio hio lakini nguvu yake ni zaidi ya mara 20. Ikiingia, uvimbe kwenye viungo wazimika na mgonjwa ahisi amepona, ingawa goti lenyewe laendelea kusagika vile vile. Wakati huo huo ini lamwaga sukari kwenye damu na insulini haifanyi kazi sawasawa, kwa hivo zile dawa za sukari za mama zapigana na adui ambaye hata daktari wake hajui yupo, atamuongezea dozi, atamuongezea tena, na lawama yote ataibeba mama ati yuala vibaya. Mifupa nayo yapungua nguvu, kinga ya mwili yashuka, hata kifua kikuu kilichokuwa kimelala chaweza kuamka.

Na hapa ndipo penye hatari ya kuacha ghafla. Ubongo ukiona steroidi tele kila siku waacha kuagiza, zile tezi zalala, na baada ya miezi haziamki kwa siku moja. Ukimnyang'anya chupa leo, mwili hauna ya nje wala ya ndani, presha yaweza kuporomoka, sukari ikashuka, akatapika, akazimia, na watu wamekufa hivo. Tena maumivu hurudi kwa nguvu kushinda zamani, bas mgonjwa asema unaona, dawa ilikuwa kiboko, akaitafuta nyengine kwa bei yoyote. Daktari akishuku steroidi atampima damu, na mara nyingi humpa kidonge cha steroidi kinachojulikana kipimo chake kama prednisoloni kisha akipunguze kidogo kidogo wiki baada ya wiki mpaka tezi zishike kazi yake. Jambo hilo halifanyiki nyumbani kwa kukisia, kifuniko kimoja cha dawa isiojulikana hakina hesabu.

Na usidhani haya ni ya Mwembe Tayari pekee. Mwaka wa 2022 mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, ilitoa onyo zaidi ya mara moja juu ya bidhaa za viungo ziitwazo Artri King, ziliuzwa kama virutubisho vya kawaida na lebo yataja vitu vizuri tu, maabara ikakuta deksamethasoni na diklofenaki, dawa ya kutuliza maumivu, ambazo hazikuandikwa popote. Watu walikuwa wameharibika ini, wengine wamekufa, na onyo lenyewe likasema kama hili nnalokwambia, usiache ghafla muone daktari. Diklofenaki nayo kwa mtu wa sukari na presha ni mzigo juu ya figo, hasa akichanganya na baadhi ya dawa za presha, na tumboni yaweza kuleta vidonda vikatoka damu, ndio nikakutajia choo cheusi.

Haya, tuje kwa lebo. Nimeikuza hio picha yako nikaisoma polepole. Imeandika magonjwa 34, nimeyahesabu, kutoka magoti mpaka pumu mpaka nguvu za kiume mpaka vidonda vya tumbo, na hio deksamethasoni tunayoishuku yaweza kumzidishia shida mtu mwenye vidonda. Imeandika haina kemikali, ambayo haiwezekani hata kwa maji. Hakuna jina la mti hata mmoja, wasema ni mizizi ya mchanganyiko. Hakuna jina la kiwanda wala mahali, ni nambari ya simu tu. Hakuna nambari ya bechi, na tarehe ya kuharibika imeandikwa kwa kalamu. Halafu hio nambari ya usajili inayokupa imani, haionyeshi ni usajili wa nani. Dadangu, mtu aweza kusajili jina la biashara, aweza kusajili nembo yake isiibiwe, aweza kulipa leseni ya kaunti ya kufungua duka, na yote hayo yana nambari na muhuri na yote ni halali, lakini hakuna hata moja linalosema kuna mtu aliipima dawa. Kwa Kenya anayesajili dawa ni Bodi ya Dawa na Sumu, PPB, chini ya ile sheria sura ya 244, na dawa za mitishamba zinazouzwa kwa chupa na lebo namna hii nazo zafaa zipite hapo.

Huo ujanja wa nambari ni wa zaidi ya miaka mia. Wamarekani walikuwa na dawa za chupa kila duka, mchanganyiko ni siri ya mwenyewe, kinacholindwa ni jina tu. Moja ilikuwa ya kuwatuliza watoto wanaoota meno, Mrs. Winslow's Soothing Syrup, mama ampa mtoto kijiko mtoto alala tuli, kila mtu aisifu, kumbe ndani ni mofini, dawa kali itokayo kwenye afyuni, na wako waliolala wasiamke. Mwandishi Samuel Hopkins Adams akaanza kuzianika mwaka wa 1905 kwenye jarida la Collier's, na mkemia wa serikali, Harvey Wiley, alikuwa amepigania sheria ya vyakula na dawa kwa miaka, ikapita 1906. Sasa tazama sheria hio ilitaka nini. Haikukataza pombe wala afyuni ndani ya dawa, ilisema kama imo iandike, na usiandike uongo. Bas. Na wenye chupa wakafanya nini? Wakaanza kuchapa kwenye lebo kwamba dawa hii imedhaminiwa chini ya sheria ya 1906, na nambari juu yake, watu wakaamini serikali ndio iliyodhamini na kumbe ni mwenye kiwanda ajidhamini mwenyewe. Ndio mamako huyo na hio nambari yake.

Kisha ikaja kesi ya mtu wa Kansas City aliyeuza dawa ya saratani. Ikafika mahakama ya juu kabisa mwaka wa 1911, majaji walio wengi wakasema sheria yakataza uongo kuhusu kilichomo ndani ya chupa, sio uongo kuhusu inachotibu. Yaani ukiandika sukari na maji na ni sukari na maji kweli, waweza kusema yatibu saratani. Bunge likarekebisha mwaka uliofuata lakini likataka serikali ithibitishe kuwa muuzaji alikusudia kulaghai, sasa mtu akisimama kizimbani akasema mimi naiamini dawa yangu, utaingia moyoni mwake vipi?

Ilichukua msiba kubadilisha. Mwaka wa 1937 kampuni ya Massengill ilitoa dawa ya maji, Elixir Sulfanilamide, ikayeyushwa kwa diethilini glaikoli ambayo ni sumu ya figo, na hakuna aliyeijaribu kwanza manake sheria haikumlazimu mtu. Zaidi ya watu 100 walikufa, watoto wakiwemo. Maafisa wa serikali walizunguka duka kwa duka, nyumba kwa nyumba kuzikusanya chupa, na unajua walizikamata kwa kosa gani? Kwa sababu ya jina. Elixir ilifaa iwe na pombe na hii haikuwa nayo. Lau ingeitwa jina jengine wasingekuwa na kifungu cha kuikamata na watu wafa. Mwaka wa 1938 ndipo ikaja sheria ya kulazimisha dawa ithibitishwe ni salama kabla ya kuuzwa, na kuthibitisha kuwa yatibu kweli ikangoja mpaka 1962. Na sumu hio hio haikwisha, Nigeria 2008 iliua watoto kupitia dawa ya kuota meno, Gambia 2022 kupitia dawa za kikohozi, watoto kama 70.

Nimekupitisha kote huko ili uone maafisa waliokuja dukani walikuwa wakitafuta nini. Hawakuja kukamata mti. Mwarubaini wauzwa Marikiti mchana kweupe na hakuna anayeukimbiza, mtu auona jani alijua. Mimi mwenyewe siwezi kudharau miti, kwinini ilitoka kwenye gome la mti, artemisinini ya malaria yatoka kwenye mmea na leo ndio tegemeo la dunia nzima. Lakini hizo zilipimwa, ikajulikana kwenye kila kidonge imo kiasi gani. Kosa la chupa ya mama, kama maabara itathibitisha, ni kuwa imeandika kitu na ndani kuna kitu chengine. Shirika la Afya Duniani tangu 2017 lagawa makosa haya mafungu matatu, dawa ilio halali lakini haikufikia kiwango, dawa ambayo haikusajiliwa, na dawa iliodanganya makusudi jina lake au kilichomo au ilikotoka. Shirika hilo lilikadiria mwaka huo kuwa katika nchi kama zetu karibu bidhaa moja katika kila 10 za matibabu ina kasoro ya kiwango au ni ya udanganyifu. Ni nyingi sana.

Jirani yenu naye amechanganya. Kidonge cha bei rahisi cha India chenye jina tofauti na kile cha kwanza kabisa kuvumbuliwa, lakini dawa ndani ni ile ile na bodi imekisajili, sio feki. Sheria yetu ya kupambana na bidhaa bandia ya 2008 iliandikwa vibaya ikakaribia kuvichanganya hivyo viwili, watu wanaoishi na virusi vya ukimwi wakaenda mahakamani, na mwaka wa 2012 Jaji Mumbi Ngugi akaamua kuwa haifai kuwazuia watu kupata dawa hizo. Wengi wako hai leo kwa vidonge hivyo. Mama asije akaacha dawa zake za sukari kwa maneno ya kibarazani.

Lakini sitaki nikufiche, malalamiko juu ya serikali yapo na mengine ni ya haki. Msako huja kwa kishindo na makamera, maboksi yapakiwa, kisha kimya. Sampuli zapelekwa maabara huko Nairobi na yule mama aliokuwa akiinywa hio dawa haambiwi ilikutwa na nini. Baada ya muda chupa yarudi na rangi nyengine na jina jengine, kule ferry alfajiri yuko mtu na spika yake aitangaza, na faini kama alitozwa aliilipa kwa mauzo ya siku chache. Mimi nataka kila msako ufuatwe na tangazo kwa Kiswahili, redioni na misikitini na makanisani, dawa fulani tumekuta kitu fulani ndani, kama umeitumia fanya hivi. Kunyamaza kwao ndiko kunampa yule muuzaji nafasi ya kusema ni wivu wa makampuni. Na mtu aliyekatiwa dawa bila kuelezwa aweza kufa kwa kule kukatiwa, hilo ndilo linaloniuma zaidi kwenye jambo hili zima.

Kuhusu magoti yenyewe, usimwambie mama aache chupa halafu umuache na maumivu, atarudi kwa muuzaji na atakuwa na haki yake. Ukweli ni kwamba goti lililosagika halina dawa ya kulirudisha upya. Kuna mazoezi ya kukaza misuli ya paja, hayana sifa lakini ndio yanayosaidia wengi kwa muda mrefu, muombe daktari amtume kwa wa fiziotherapia. Kupunguza uzito hata kidogo, ingawa na steroidi mwilini itakuwa kazi ngumu mwanzoni, msimlaumu. Paracetamol kwa kipimo wengine yawatuliza na wengine haiwafai sana. Jeli ya kupaka ya diklofenaki yaingia mwilini kidogo kuliko ya kumeza, lakini kwa sukari yake na presha amuulize daktari kwanza, figo zipimwe. Sindano ya gotini ipo, nayo ni steroidi na hupandisha sukari kwa siku chache, tofauti yake ni kuwa ameiweka mtu anayejua ameweka kiasi gani na ameandika kwenye faili. Zikishindwa zote kuna upasuaji wa kubadilisha goti, ni ghali, lakini umri wa miaka 63 sio wa kumkatia tamaa.

Huko hospitali muombe apimwe sukari, ile ya miezi mitatu pia, presha akiwa amekaa na akiwa amesimama, figo, chumvi za mwilini, na uulize kuhusu kotisoli ya asubuhi. Daktari akikaripia ati kwa nini mlinunua mitishamba, mjibu kwa adabu na murudi kwenye swali lenu, wengi wetu twakosea hapo na ndio wagonjwa watuficha. Chupa moja muachie daktari akiitaka, nyengine usiimwage chooni wala usimpe mtu, ifunge uiweke mbali na watoto, piga picha ya lebo pande zote, kisha muulize mfamasia wa hospitali akusaidie kuripoti kwa PPB, ni kazi yake na hailipishwi. Muulize pia namna ya kutafuta kwenye orodha ya bodi kama jina la dawa limo, hata simu ya kawaida yenye intaneti yatosha. Na kama mama ana mashoga zake waliokuwa wakinunua pamoja, nasikia hizi hununuliwa kwa chama, wapigie kabla hujaondoka nyumbani, uwaambie kama nilivyokwambia, wasikate ghafla na waende na chupa zao.